Wewe Ndani, Mimi Nje

Mshindo, Iringa
14 Mei 1978

Kwako kaka Muhidini,

Salamu nyingi, na zikikufikia kunywa chai kwanza, maana barua hii ina pilipili. Mimi sijambo. Kile kifua cha baridi kimeniachia, ila viganja vimepasuka. Wifi Tupokigwe hajambo? Watoto je? Duka la vyombo linakwenda?

Kaka, mvua zimekatika, na nyumba ya Baba imebaki mifupa kama kila mwaka. Ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara, umevuliwa nguo. Fito zinaonekana. Juzi muuza maziwa kaniuliza kupitia tundu, "Dada Zuena, leo nusu au lita nzima?" nami niko kitandani nachana nywele. Nikamjibu nusu. Ningefanyaje?

Sasa nianze tena kuchimba udongo, kuchota maji, kukanyaga, kukandika. Tangu nilipopewa talaka nikarudi hapa, na Baba akatutoka mwaka uliofuata, kila kiangazi ni hilo. Nikimaliza, napumzika kidogo, mvua zinakuja kula kazi yangu. Nimechoka, kaka. Nimechoka mpaka nikiona tope njiani nageuza uso.

Damari unamkumbuka, yule niliyesoma naye, mwenye sauti ya kengele. Amefungua hoteli Nyololo, pale malori ya Zambia yanaposimama. Ananiita tushirikiane, yeye apike supu, mimi chapati na maandazi. Nataka kwenda. Nikisikia mabasi yanavyopanda kilima kutoka Ipogolo, miguu inaniwasha. Lakini nikiiacha nyumba hii misimu miwili tu, itakuwa kichuguu, na kiwanja kilicho wazi hapa mjini watu hawakawii kukimezea mate. Nyumba ndiyo kitu pekee Baba alichotuachia, najua.

Kwa hiyo nakuomba unitafutie saruji huko Mbeya. Nipige plasta, ukuta ukae wenyewe bila mtu wa kuuhudumia, nifunge mlango niondoke.

Ni mimi mdogo wako,
Zuena


Mwanjelwa, Mbeya
9 Juni 1978

Mdogo wangu Zuena,

Waalaikum salaam. Barua nimeipata na chai nilikunywa, tena vikombe viwili, na bado pilipili imenipalia. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu, watoto wana mafua ya msimu.

Saruji! Wewe hujalala katika nyumba ya saruji, ndiyo maana. Mimi ninalala humo. Baridi ya Juni hapa Mbeya inapita ukutani ikaja kukaa na mimi chini ya blanketi. Nyumba ya Baba inapumua. Wakati wa jua ina ubaridi, wakati wa baridi ina joto, na mvua ya kwanza ikigusa ukuta, ile harufu! Nikiwa dukani nimezungukwa na masufuria, mara nyingine naifikiria harufu hiyo mpaka mteja ananiuliza kama naumwa.

Umesahau tulivyokuwa tunakandika na Baba? Mimi ananiweka nje, wewe ndani kwa kuwa ulikuwa mdogo. Kila mmoja anasukuma donge lake kwenye fito, mpaka viganja vyetu vinakutana katikati. Na wewe ulikuwa unanifinya! Ile ndiyo nyumba, Zuena. Ukiipaka saruji utakuwa umemvika marehemu koti la kuazima.

Na hiyo Nyololo. Baridi yake inang'oa meno. Halafu watu watasema nini, dada yake Muhidini anawapikia madereva? Wewe una paa juu ya kichwa chako, nyumba ni yako, nani amekufukuza? Kandika mapema kabla ufa haujawa mkubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kaa hapo hapo.

Kaka yako,
Muhidini


Mshindo, Iringa
27 Juni 1978

Kaka,

Salamu. Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo inachemka.

Methali yako nimeisoma nikiwa na tope mpaka magotini. Aliyeitunga hakuwahi kuziba ufa hata mmoja. Mimi naziba ufa na ukuta najenga, vyote viwili, kila mwaka.

Unapenda harufu ya udongo? Njoo uinuse. Ndoo ipo, jembe lipo, na shimo la udongo ni lile lile nyuma ya msikiti. Mwaka jana ulikuja Idi, ukakaa barazani, ukaugonga ukuta kwa kidole ukasema, "Mambo ya zamani hayana mfano." Kesho yake ukapanda basi. Mimi nikabaki na mambo ya zamani.

Unasema nyumba ni yangu. Mwenye nyumba hutoka, akafunga mlango, akarudi apendapo. Mimi nyumba ndiyo imenifunga. Ukisikia watu wanasema dada yake Muhidini anawapikia madereva, waambie ndiyo, na chapati zake zinachambuka.

Sitakandika mwaka huu. Nimeapa. Usiponipa saruji, mvua ije ichukue.

Mdogo wako,
Zuena


Mwanjelwa, Mbeya
18 Septemba 1978

Mdogo wangu Zuena,

Hujambo? Sisi hatujambo, ingawa humu ndani kulikuwa na vita vidogo. Barua yako wifi yako aliisoma. Akaninunia. Ugali aliniwekea, mboga akasahau, siku baada ya siku. Mwisho akaniambia, "Wewe unaipenda nyumba kwa mdomo, mwenzako kwa mgongo." Nikanyanyua mikono.

Saruji imepatikana kwa kibali na kwa kusimama foleni mpaka soli ya kiatu ikalia. Inakuja na lori la rafiki yangu, ipokee Ipogolo. Haitoshi nyumba nzima. Paka ukuta wa mbele, ndio unaopigwa na mvua.

Lakini nakwambia kama kaka, moyo wangu hautulii. Udongo na saruji sijui kama watapatana. Nyumba njema si mlango. Ukimaliza usikimbilie basi. Kaa hapo hapo mpaka tuongee.

Kaka yako,
Muhidini


Mshindo, Iringa
5 Novemba 1978

Kaka yangu mpenzi, kaka usiye na mfano,

Salamu kochokocho! Mimi mzima kabisa, hata viganja vimepona. Mpe wifi shukrani zangu, mwambie nitamtumia chapati kwa basi.

Ukuta umekwisha. Fundi Mika alijaza matundu kwa udongo, kisha akapiga saruji juu yake, akalainisha mpaka ukipitisha kiganja hakikwami popote. Watu wanasimama barabarani. Muuza maziwa siku hizi anagonga mlango kama mtu aliyestaarabika. Jirani yangu Yudith kauangalia, akacheka, "Zuena, umejenga benki?" Nikamwambia ndiyo, njoo uweke.

Kuna ufa mwembamba kule juu, chini ya bati. Mika anasema ni saruji inakauka tu. Mimi hata siuangalii.

Kaka, najua ulisema tuongee. Tutaongea kwa barua. Nimefungasha. Vyombo vya Mama nimemwachia Yudith, na ufunguo pia. Mvua za kwanza zimeshanukia, nami nataka kuwa Nyololo kabla mwaka haujaisha. Usikasirike. Kwa mara ya kwanza nimelala bila kuusikiliza ukuta.

Mdogo wako mwenye haraka,
Zuena


Mwanjelwa, Mbeya
20 Januari 1979

Zuena mdogo wangu,

Hujambo? Uko wapi? Nilikuandikia Desemba kwa anwani ya Iringa, kimya. Nikamwagiza dereva apite Nyololo, karudi anasema ameambiwa dada wa chapati aliondoka. Aliondoka kwenda wapi? Dereva hakuuliza, kaniletea kitambi chake tu.

Vita vya huko Kagera vimechukua malori, na mabasi siku hizi ni ya kubahatisha. Huku mvua hainyamazi. Kila ikipiga bati nainuka kitandani, wifi yako ananiuliza naenda wapi. Nikikaa nafikiria ule ufa.

Sijakasirika. Kama uliambiwa nimekasirika, si kweli. Nijibu hata mstari mmoja.

Kaka yako,
Muhidini


Mshindo, Iringa
11 Machi 1979

Kaka Muhidini,

Salamu. Mimi mzima. Nisamehe kwa kukaa kimya, sikuwa na uso wa kukuandikia.

Ukuta umeanguka. Wote, ule wa mbele, kutoka mlangoni mpaka pembeni.

Nilikuwa Nyololo. Nilikuwa nimeanza kuwajua madereva, yupi anataka chapati nyembamba na yupi anataka sukari hadi chai isimamishe kijiko. Asubuhi ukungu unafika mlangoni, unapika huoni anayekula, unasikia sauti tu zikicheka. Kaka, nilikuwa na furaha. Nataka ujue hilo. Kisha kondakta akaniletea ujumbe wa Yudith kwamba nyumba imefunguka. Nilipanda basi nikalia kuanzia Mafinga mpaka Ipogolo.

Ulianguka mchana kuelekea barabarani, na Mungu mkubwa, hapakuwa na mtu. Saruji ililala chini vipande vikubwa, nzuri vile vile, haina doa. Nyuma yake udongo ulikuwa uji. Maji yaliingia kwa ule ufa wa juu, yakashuka, yakakosa pa kutokea. Zamani ukuta ukilowa, jua linaukausha. Mimi nikauziba pua na mdomo. Halafu mchwa wakajifaidia miti humo gizani. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe niliililia mimi.

Nilikaa juu ya kifusi wiki nzima nikiichukia nyumba, nikikuchukia na wewe kidogo. Sasa ninalala kwa Yudith. Lakini juzi nilikwenda uani kutafuta sufuria, nikauangalia ukuta wa nyuma, ule ulio chini ya paa la jiko. Kaka, ule ukuta sijaukandika tangu Baba afe. Haujamomonyoka hata kidogo. Ni udongo ule ule, mkono ule ule wa Baba. Tofauti ni kwamba mvua haiufikii, na chini Baba alipanga mawe kwa ajili ya jiko.

Basi sihitaji saruji. Nahitaji kofia ndefu na viatu. Mawe Iringa hii hata ukijikwaa unayapata. Upenu nitautoa nje kwa nguzo, niuezeke kwa nyasi. Miti iliyo mizima nitairudisha, fito mpya nitakata, na udongo safari hii nitachukua wa kichuguu, unashika kuliko ule wa shimoni. Nyumba ikivaa hivyo haitanitafuta kila mwaka.

Damari ameniwekea nafasi mpaka mwisho wa Juni. Baada ya hapo atamchukua binti wa shangazi yake, na simlaumu. Ukiwa na wazo lolote, lilete haraka. Sina subira tena, imekwisha.

Mdogo wako,
Zuena


Mwanjelwa, Mbeya
2 Aprili 1979

Mdogo wangu,

Alhamdulillahi kwamba u mzima. Nilipofika kwenye neno "umeanguka" nilikaa chini, juu ya sufuria ya mteja, imebonyea, nimelazimika kuiweka kwa matumizi ya nyumbani. Ningeweza kusema nilikwambia. Sisemi. Nimeandika tu hapa kwamba sisemi.

Wazo lako la kofia na viatu nimelizungusha kichwani. Ni zuri. Mimi naongeza koti. Hapa Songwe watu wanachoma mawe, wanapata chokaa. Nimeuliza kwa wazee wanaopaka chokaa misikiti. Wanasema iloweke, iache ikae mpaka iwe kama mtindi, kisha ukuta wa udongo ukishakauka kabisa upakwe mara nyingi, nyembamba nyembamba. Chokaa haiuzibi pumzi. Nimenunua ya kutosha, inakuja na kijana anaitwa Danieli, mwenye nguvu kama trekta. Atafanya kazi yote badala yangu, atakusukumia madonge mpaka uchoke wewe. Mimi duka siwezi kulifunga, unajua hali ilivyo, bidhaa zikifika leo usipokuwepo kesho hazipo.

Na nikuulize jambo, usinitukane. Ukuta ukisimama vizuri, na nyumba ikawa nzuri kuliko zamani, kuna haja gani tena ya kuondoka? Kaa hapo hapo uifaidi.

Kaka yako,
Muhidini


Mshindo, Iringa
6 Mei 1979

Kaka,

Salamu. Mzima.

Barua hii anakuletea Danieli. Ni kijana mzuri. Amebeba mawe, amesimamisha nguzo za upenu, na Yudith anataka kumwozesha mpwa wake. Lakini hakuzaliwa humu, basi nimemrudisha.

Chokaa nimeiloweka. Msingi wa mawe umefika magotini. Kina mama wa Kihehe wa mtaa huu wamekuja kunikanyagia udongo. Kawaida yao kazi kama hiyo mwenye nyumba hutoa pombe ya ulanzi, mimi nikatoa togwa. Wakanicheka mpaka tope likatikisika. "Nyumba ya Waislamu hii, tutaikandika macho makavu!" Wakakandika. Kuta za pembeni zimekwisha.

Ule wa mbele una miti na fito tu. Nimeuacha wazi, na siuzibi, wala sitamruhusu mtu auzibe. Nimerudi kulala humo humo, na muuza maziwa ameanza tena kunisalimia kitandani. Ukuta unataka watu wawili, mmoja nje na mmoja ndani, na wenyewe ni mimi na wewe. Duka mwachie wifi. Ana akili kuliko sisi sote.

Njoo kabla Juni haijaisha. Unajua kwa nini Juni. Na safari hii wewe ndani, mimi nje.

Zuena


Mshindo, Iringa
16 Desemba 1979

Kwa mdogo wangu Zuena,
Hotelini kwa Damari, Nyololo

Salamu, mdogo wangu. Najua ulitazama anwani hapo juu mara mbili. Ndiyo, niko kwa Baba, naandika nikiwa nimekaa barazani chini ya upenu wako. Hali yangu nzuri. Wifi yako anakusalimu. Tangu Juni aliponishikia duka nimekuta wateja wanamuulizia yeye, mimi wananiagiza nifunge mizigo.

Sikukuandikia miezi yote hii kwa sababu nilikuwa na hasira. Hakuna sababu nyingine, na bora niseme.

Nilikuja, nikaingia ndani kama ulivyotaka, nikidhani ni mzaha wako. Tukaanza chini. Unasukuma, nasukuma, viganja vinakutana, tunacheka, unanisimulia habari za madereva. Nilifurahi mno. Nikasema moyoni, haondoki huyu. Kisha ukuta ukapanda. Miaka yote ile ya Baba mimi nilikuwa nje, Zuena. Nje ukikandika unaona kazi inakua, watu wanapita, wanakusifu. Sikuwahi kujua kwamba aliye ndani, kila donge linampunguzia mwanga. Nilikuwa nakuona barabarani umesimama kwenye jua, kisha nikakuona nusu, kisha macho tu. Likabaki tundu moja usawa wa kifua. Ukapitisha mkono, ukanifinya, ukasema, "Haya kaka, ziba."

Nikaziba. Nikabaki mle gizani na tope viganjani. Ndipo nikajua kwa nini ulikuwa unafinya.

Nilipozunguka kupitia uani kuja kukwambia hivyo, nikakuta ndoo imeoshwa, jembe limeegemezwa, na kanga yako ya kazi imeanikwa kwenye nguzo. Yudith kasimama na togwa. "Kawahi basi," akaniambia. "Kasema chokaa upige mwenyewe." Mungu anisamehe maneno niliyoyatoa barabarani siku ile. Nilikaa nikapiga chokaa mpaka mikono ikapasuka kama yako, nikarudi Mbeya, nikanuna. Hata chapati ulizotuma kwa basi nilikataa kula. Nilikula moja.

Wiki iliyopita redio ikasema mvua zimeanza Iringa. Nikamwambia wifi yako nakwenda kununua bidhaa, akanicheka, akanifungia na soksi. Nimefikia humu. Yule mwalimu aliyepanga humu tangu uondoke yuko likizo kwao. Jana ikanyesha ile ya mawe, tangu adhuhuri mpaka walimu wa madrasa wakawaruhusu watoto. Nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama. Nikauegemea ukuta kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia mlango. Maji yalianguka kutoka kwenye nyasi za upenu, yakapita mbali, yakafuata mawe kwenda barabarani. Nikapitisha kiganja kutoka mlangoni mpaka pembeni, juu na chini. Mkavu. Na ile harufu ikaja, mdogo wangu, ikaja mpaka ndani. Nikalia kidogo. Usimwambie mtu.

Najua mvua ya huko inapiga bati la Damari, na najua unapika huku sikio liko Iringa, unajiuliza upande basi uje uangalie. Usije. Nimeshaangalia mimi, na mwakani nitaangalia mimi. Nikirudi Mbeya nitashuka Nyololo. Niwekee mbili nyembamba.

Ukuta umesimama. Kaa huko huko.

Kaka yako,
Muhidini